Mtunya: Ukame Ulipokuta Ghala Tupu

Maandiko yanataja njaa mara nyingi. Ibrahimu alishuka Misri kwa sababu ya njaa. Naomi na mumewe waliondoka Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate, kwa sababu mkate ulikuwa umekwisha. Eliya alikaa karibu na kijito cha Kerithi mpaka nacho kikakauka. Sisi tulio katika nchi ya mvua chache hatuhitaji kufafanuliwa sana habari hizi. Lakini nchi yetu nayo ina historia yake ya njaa, na ni vema kanisa liikumbuke.

Ugogo, katika mkoa wa Dodoma wa leo, ni nchi ya msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza yapata Desemba na kukoma Aprili, na katika mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600. Baada ya hapo ni miezi saba au zaidi ya ukavu. Ikifika Oktoba na Novemba, joto la mchana hupita nyuzi 30, upepo hupeperusha vumbi, mito hubaki mchanga mtupu, na ng'ombe hutembea mbali kutafuta maji. Mvua ikichelewa mwezi mmoja tu, hofu huingia kila nyumba.

Hata hivyo watu wameishi hapa vizazi vingi, na hawakuishi kwa bahati. Walijenga tembe, nyumba ya paa la udongo lililo sawasawa, yenye ubaridi mchana na joto la kutosha usiku. Walilima mtama na uwele, nafaka zinazovumilia jua. Walikausha mboga za majani wakati wa masika ili wazile kiangazi, na mbuyu uliwapa matunda na majani. Mto ulipokauka, walichimba mchangani mpaka wakafikia maji.

Hazina yao kubwa ilikuwa ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki waliokaa mbali, nao waliwatunza na kunywa maziwa yake. Ukame ulipopiga upande mmoja, upande mwingine mifugo ilibaki hai. Mwaka mbaya ulipokuja, ng'ombe alibadilishwa kwa nafaka kutoka kwa majirani wenye mvua nyingi zaidi, na familia nzima iliweza kuhamia kwa jamaa mpaka mambo yatengemae.

Kila nchi ndogo ya Wagogo ilikuwa pia na mtemi wake, aliyeshika mawe ya mvua. Sisi Wakristo hatuombi mvua kwa mawe. Tukubali lakini kwamba wazee wale walilijua jambo moja ambalo sisi tunaweza kulisahau: mvua ni habari ya jamii nzima, wala si ya shamba la mtu mmoja.

Ndipo ikaja vita. Mwaka 1914 Wajerumani, waliotawala nchi hii, na Waingereza walianza kupigana Afrika Mashariki. Reli ya Kati ilipita katikati ya Ugogo, kwa hiyo majeshi nayo yalipita humo. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za kulisha askari wao, na wanaume wa kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai 1916 jeshi la upande wa Waingereza liliingia Dodoma. Bendera ilibadilika, lakini madai hayakubadilika: ng'ombe, nafaka na wapagazi. Vijana ambao wangelima walikuwa njiani na mizigo vichwani, na wengi wao hawakurudi.

Kanisa lenyewe lilikuwa limejeruhiwa. Wamishenari Waingereza wa CMS, ambao kazi yao ilianza Mpwapwa katika miaka ya 1870, walikuwa wamewekwa kizuizini na Wajerumani. Walimu Waafrika wa kanisa nao walifungwa na kuteswa, wakidhaniwa kuwa wapelelezi wa adui.

Baada ya hayo mvua ikakosekana. Ukame wenyewe haukuwa jambo geni. Wazee walikuwa wameona ukame mwingi. Safari hii ulikuta zizi limepungukiwa, ghala ni tupu, na mikono yenye nguvu haipo nyumbani. Ng'ombe wa kubadilisha kwa nafaka walikuwa wameliwa na majeshi, na majirani ambao zamani wangeuza nafaka walikuwa wamenyang'anywa vilevile. Watu walikula mizizi ya porini. Wako wazazi waliowaacha watoto wao kwa wenye chakula ili wapate kuishi. Homa kali ya mafua, iliyozunguka dunia nzima kuanzia 1918, iliwakuta watu wamekwisha kudhoofika.

Njaa ile Wagogo waliiita Mtunya, jina linalobeba maana ya kugombania. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma ya wakati ule, yenye watu wapatao 150,000, walikufa kama 30,000. Huyo ni mtu mmoja katika kila watu watano. Tukiketi ibadani, tuhesabu watu watano katika benchi letu, kisha tumwondoe mmoja. Tufanye hivyo benchi kwa benchi mpaka mlangoni.

Je, tuseme Mungu aliwaadhibu? Wako wanaosema hivyo kila ukame unapokuja. Tukumbuke Bwana Yesu alivyowajibu watu waliodhani kwamba wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wengine. Aliikataa hesabu hiyo, akawaita wasikilizaji wenyewe watubu. Mtunya nao unatuita vivyo hivyo. Mvua kukosekana hakukuwa dhambi ya mtu. Kuchukua nafaka ya maskini kulikuwa dhambi, na nabii Amosi alilikemea jambo hilo hilo katika Israeli.

Ndiyo maana habari ya Yusufu ina uzito kwetu. Ile miaka saba ya njaa haikuondolewa. Ilikuja kama ilivyotabiriwa. Kilichookoa watu ni miaka saba iliyotangulia, wakati nafaka ilipowekwa akiba. Kanisa la Antiokia lilifanya vivyo hivyo. Agabo alipotabiri njaa, waumini waliamua kila mtu atoe kwa kadiri alivyoweza, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi. Kanisa lisilotoa mpaka lione mifupa ya mtu limechelewa.

Leo katika vijiji vingi vya Dodoma kuna kazi inayoitwa kisiki hai. Shamba linaloonekana tupu huwa bado lina visiki vyenye mizizi hai ardhini. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, huweka alama na kuyalinda dhidi ya mifugo na shoka. Kwa kuwa mizizi imekwisha kushika, mti hukua upesi kuliko mche mpya. Kivuli hurudi, majani huanguka na kurutubisha udongo, na jua haliunguzi shamba kama zamani. Njia hii ilienezwa huko Niger tangu miaka ya 1980 na Tony Rinaudo, mmishenari kutoka Australia, ambaye alikuwa karibu kukata tamaa kwa sababu miche aliyoipanda ilikuwa ikikauka. Alikuja kugundua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku vilikuwa visiki vya miti iliyokatwa, bado vikiwa hai. Ayubu alikwisha kusema kwamba mti uliokatwa una tumaini, kwa maana hata shina lake likifa mavumbini utachipuka kwa harufu ya maji.

Tunaamini ujirani nao una mizizi ya namna hiyo. Vita ilikata mengi, lakini desturi ya kugawana ng'ombe, kupokea jamaa na kubadilishana nafaka haikung'oka yote. Ni kazi yetu kulinda machipukizi yake. Baada ya mavuno, kila jumuiya iweke akiba ya mtama, hata kama ni debe moja kwa kila nyumba, kabla nafaka yote haijauzwa kwa bei ya chini. Paa la bati la kanisa likingwe maji, na tangi liwe la kijiji kizima. Tuwajue kwa majina wajane na wazee wanaokaa peke yao, tuwatembelee joto linapozidi, tuwapelekee maji. Na kiongozi anapotaka kuchukua ghala la wanyonge kwa sababu yoyote ile, kanisa lisinyamaze.

Tutaendelea kukusanyika kuomba mvua kila mwaka inapochelewa, kwa maana mvua ni ya Bwana. Tukishasema amina, tupite kwa jirani tuulize kama ghala lake lina kitu.