Wazee wa Mji Ulio Karibu

Leo twataka kuitazama sheria moja ya kale, kisha tuilinganishe na mambo yaliyotokea katika nchi zetu kwa miaka hii ya karibuni.

Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 21, twasoma habari ya maiti iliyoonekana kondeni, na aliyemwua mtu huyo hajulikani. Torati haiwaambii watu wazike tu na kwenda zao. Yawaagiza wazee na waamuzi watoke, wapime umbali toka penye maiti mpaka miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu kuliko yote ndio wanaolichukua jambo lile. Humleta mtamba bondeni penye maji, hunawa mikono yao, na kushuhudia mbele za Mungu kwamba mikono yao haikumwaga damu ile, wala macho yao hayakuona.

Angalieni, ndugu, wazee hao hawakuua. Lakini hakuna aliyewaambia, “Ninyi haliwahusu.” Mtu akifa karibu na mji, uongozi wa mji huulizwa. Nao wazee wa Ukambani wa zamani walilielewa neno la namna hii. Mtu akiuawa, hata kama ni kwa bahati mbaya, ukoo wa aliyeua ulitoa ng'ombe kwa ukoo wa aliyefiwa. Deni halikuwa la mtu mmoja aliyejificha porini. Lilikuwa la wote waliomlea na kuishi naye.

Sasa twende Nairobi, katika mtaa wa Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto liliporomoka, na ndani yake mlikuwa na familia nyingi za wapangaji. Waokoaji walichimba mchana na usiku. Mtoto mdogo wa kike alitolewa akiwa hai baada ya saa 80 hivi, na siku ya sita wakatolewa wengine wanne wakiwa hai. Tulimshukuru Mungu kwa hao. Lakini watu zaidi ya 50 walikufa.

Ndipo ikaelezwa kwamba jengo lile halikuwa na idhini, tena lilikuwa limekwisha kuorodheshwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa. Wenye nyumba wakakamatwa. Baadaye tingatinga zikaingia Huruma kubomoa majengo mengine ya hatari.

Hapa ndipo sheria ya Torati inapotuchoma. Wale wazee wa kale waliweza kusema kweli kwamba macho yao hayakuona. Je, huko Huruma nani angeweza kusema hivyo? Jengo likiisha kuandikwa katika orodha ya hatari, maana yake ni kwamba liko jicho lililoona. Aliyeona hatari, akaiandika katika daftari, kisha akawaacha watu walale ndani, hawezi kunawa mikono kwa maji ya bonde lolote. Wala tusiisingizie mvua. Mvua hunyesha juu ya nyumba zote, na nyingi husimama.

Miaka mitatu kabla yake, tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikuwa limefika 16. Huko, pamoja na wajenzi, maofisa wa Manispaa ya Ilala nao walifikishwa mahakamani. Hatusemi hapa nani alikuwa na hatia, hiyo ni kazi ya mahakimu. Twasema tu kwamba ghorofa sita za ziada hazifichiki kama sindano. Kila aliyepita barabarani aliweza kuinua macho na kuhesabu.

Tena tusidhani kwamba jambo hili ni la maskini peke yao. Tarehe 14 Juni 2017, katika mji tajiri wa London, moto uliteketeza jengo la Grenfell Tower, wakafa watu 72. Jengo lilikuwa mali ya halmashauri ya Kensington na Chelsea, na wapangaji walikuwa wametoa maonyo kabla. Kiongozi wa halmashauri alijiuzulu mwezi ule ule. Septemba 2024 tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake ya mwisho, halmashauri ilikubali lawama iliyoandikwa juu yake, ikaomba radhi mbele ya watu. Radhi haifufui mtu. Lakini wafiwa wajua kwamba liko neno ambalo walipaswa kulisikia.

Wapendwa, kuna kunawa mikono kwa namna mbili. Wazee wa Torati walinawa baada ya kutoka mjini, kupima, na kusimama karibu na damu. Pilato alinawa ili asisimame karibu nayo. Maji ni yale yale, lakini mioyo ni tofauti.

Na sisi je? Mtito Andei ni mji wa njiani, na tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 tuna stesheni nyingine tena. Tangu 2013 kazi ya kupanga miji na kuyaangalia majengo imo mikononi mwa serikali za kaunti, na kwetu ni Makueni. Lakini karani wa kaunti, fundi, mwenye ploti na mpangaji huketi benchi moja kanisani siku ya Jumapili. Ewe fundi, usipunguze saruji wala vyuma ukasema Mungu atalinda. Ewe mwenye ploti, Torati hiyo hiyo, mlango wa 22, yakuagiza ujenge ukingo darini, damu isiwe juu ya nyumba yako. Ewe ofisa, ukiona ufa, usiuandike tu. Watoe watu kwanza, tena uwatafutie pa kwenda. Nasi wazazi tuliowapeleka watoto wetu mjini kutafuta kazi, tuwaulize si mshahara tu, bali hata wanalala chini ya paa gani.

Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18, Bwana Yesu alikana kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Akawageukia waliobaki hai, akawaita watubu. Na aliye hai leo bado ana nafasi ya kupima kabla maiti haijaonekana. Bwana atupe macho ya kuona, na ujasiri wa kutenda tulichokiona. Amina.