Gari Halisemi, Daftari Linasema: Historia Fupi ya Kumbukumbu za Matengenezo

Swali la haraka: mkanda wa taimingi wa gari lako, au la mzee pale nyumbani, ulibadilishwa lini? Usimpigie fundi. Jibu mwenyewe, kwa tarehe na kwa kilomita. Wengi wetu tunaishia kusema "nadhani ni mwaka juzi," na hiyo "nadhani" ndiyo stori yetu ya leo. Kuandika matengenezo ya gari kunaonekana kama tabia ya watu wenye muda mwingi. Kumbe nyuma yake kuna miaka elfu mbili ya binadamu kutafuta namna ya kujua jambo ambalo macho hayawezi kuliona.

Mawe ndani ya chombo

Tuanzie Roma, karne ya kwanza kabla ya Kristo. Mhandisi mmoja, Vitruvius, alieleza kifaa cha kufunga kwenye gari la kukokotwa. Gurudumu lake lilikuwa na kipenyo cha futi 4 za Kirumi, kwa hiyo mzunguko mmoja ulisogeza gari futi 12 na nusu. Mizunguko 400 ikawa futi 5,000, ambazo ndizo maili moja ya Kirumi. Meno ya magurudumu madogo yalihesabu mizunguko hiyo, na kila maili ilipotimia jiwe dogo lilidondoka kwenye chombo cha shaba. Jioni msafiri alihesabu mawe, basi.

Sasa ruka karibu karne 19 mbele, hadi Marekani mwaka 1847. Kundi la Wamormoni lilikuwa safarini kuelekea magharibi kwa magari ya kukokotwa, na William Clayton ndiye aliyeandika umbali wa kila siku. Shida ilikuwa kwamba kila mtu alikuwa na makadirio yake. Clayton akapima gurudumu, akakuta mizunguko 360 inatosha maili moja. Akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, akatembea kando yake siku nzima akihesabu. Alipata mizunguko 4,070, zaidi kidogo ya maili 11, yaani kama kilomita 18. Hebu fikiria kazi hiyo! Siku chache baadaye wenzake wakatengeneza meno ya mbao ya kuhesabu kwa niaba yake. Mabishano ya jioni yakaisha, kwa sababu sasa kulikuwa na namba iliyoandikwa wakati tukio linatokea.

Shikilia wazo hilo la kuandika wakati tukio linatokea. Tutalihitaji mbele.

Enzi gari lilipolalamika kwa sauti

Agosti 1888, nchini Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari alilobuni mumewe Carl, akawapakia wanawe wawili, Richard na Eugen, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim bila kumuaga mume. Ni safari ya zaidi kidogo ya kilomita 100, na inasimuliwa kwamba gari lilimsumbua njia nzima. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya wa moto ukachubuka, akauzungushia mkanda wa soksi yake. Breki za mbao zikalika, fundi viatu akazigongelea ngozi. Mafuta yenyewe aliyanunua kwa mfamasia mjini Wiesloch. Aliporudi, taarifa zake zilimsaidia Carl kuongeza gia ya kupandia vilima.

Unaona kitu hapo? Kila tatizo la Bertha lilijionyesha lenyewe. Gari lilizima, likatoa moshi au likagoma kupanda, na yeye akajua pa kushika. Kwa gari la namna hiyo, macho na masikio yanatosha.

Magari yetu ya leo hayako hivyo. Yanatembea vizuri kwa miaka, na baadhi ya vipuri vinachoka kimya kimya. Tuchukue viwili tu.

Cha kwanza ni huo mkanda wa taimingi. Ni mpira wenye meno unaohakikisha vali na pistoni zinapishana kwa wakati. Katika injini nyingi, vali na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika, zamu inavurugika, pistoni inagonga vali, na hapo unazungumzia injini nyingine. Magari mengi ya Kijapani yenye mkanda wa mpira huelekezwa kubadilishiwa kila kilomita 100,000 hivi. Yapo mengine yanatumia cheni, kwa hiyo hakikisha kwanza lako ni la aina gani. Ugumu ni kwamba mkanda wa kilomita 95,000 unaweza kuendesha injini kwa ulaini uleule wa mkanda mpya, na ukikaa kwenye usukani hutasikia tofauti.

Cha pili ni mafuta ya breki. Haya hunyonya unyevu kutoka hewani taratibu. Kwa kiwango kinachoitwa DOT 3, mafuta mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini kinashuka hadi 140. Mjini hutaona tofauti yoyote. Lakini teremka mlima mrefu kama Kitonga, kule Iringa, gari likiwa na mzigo na mguu ukiwa kwenye breki muda wote. Joto linapanda, mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba. Mafuta hayabonyei lakini mvuke unabonyea, hivyo unakanyaga pedali inazama na gari linaendelea kwenda. Watengenezaji wengi hushauri mafuta haya yabadilishwe kila miaka miwili au mitatu. Unajuaje miaka miwili imepita? Kwa kuandika tu.

Gogo la baharini

Jirani zetu wa Kenya wanaiita hati ya umiliki wa gari "logbook". Huku Tanzania tunasema kadi ya gari. Neno hilo la Kenya limetoka baharini. Mwaka 1574 Mwingereza William Bourne alieleza jinsi mabaharia walivyopima mwendo: unatupa kipande cha gogo majini, gogo linabaki nyuma, unapima kamba iliyotoka kwa muda fulani. Baadaye kamba ikafungwa mafundo, na ndiyo maana Waingereza wanataja kasi ya meli kwa mafundo hadi leo. Vipimo hivyo viliandikwa kwenye kitabu cha gogo, pamoja na upepo, hali ya bahari na yaliyoharibika melini.

Kutokana na sheria ya barabara ya mwaka 1920, Uingereza ikaanza kutoa kitabu cha usajili kwa kila gari, na watu wakakiita kwa jina hilohilo la meli. Neno likafika hadi Kenya. Lakini angalia kilichopotea njiani: kitabu cha meli kilisema chombo kimepitia nini, wakati hati ya gari inasema ni la nani. Jina lilisafiri, ile kazi ya kukumbuka ikabaki baharini.

Malimau ya Akerlof

Pengo hilo linauma zaidi siku ya kuuza. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la "malimau", jina la mtaani la Wamarekani kwa gari bovu. Majarida kadhaa yalikuwa yameikataa kabla haijapata pa kutoka. Mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Hoja yake tuiweke kwa shilingi. Tuseme magari mawili yanafanana kwa nje. Zima lina thamani ya milioni 12, bovu milioni 6. Muuzaji anajua lipi ni lipi, ila mnunuzi hajui, kwa hiyo anacheza salama na kutoa milioni 9. Mwenye gari zima anaona anaonewa, analiondoa sokoni. Wanabaki wenye mabovu. Wanunuzi wakishtuka, bei inashuka tena. Mwishowe gari zima haliuziki kwa haki yake, na aliyelitunza kwa jasho anaadhibiwa sawa na aliyelitelekeza.

Sasa rudi kwa Clayton. Daftari lililoandikwa mwaka hadi mwaka, kabla mwandishi hajajua nani atalisoma, ni gumu kulitunga kwa siku moja. Lina wino tofauti, risiti zilizofifia, kilomita zinazopanda kwa mwendo unaoeleweka. Namba ya kwenye dashibodi peke yake haina ulinzi huo, maana kurudisha kilomita nyuma ni hila ya zamani. Marekani iliipiga marufuku kwa sheria ya taifa mwaka 1972. Ubelgiji ikaja na njia nyingine: tangu mwishoni mwa 2006, gereji inayoshughulikia gari inatakiwa kutuma kilomita zilizosomwa kwenye hifadhi moja ya nchi nzima, na muuzaji humkabidhi mnunuzi cheti chenye historia hiyo. Ukitaka kudanganya, itabidi kwanza ufute maandishi ya watu wengi wasiojuana.

Kitabu kilichovuka bahari

Hapa ndipo sisi tunaingia. Magari mengi yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam na Mombasa yanatoka Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi. Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na sheria inamtaka mtumiaji aweke kitabu cha kumbukumbu za matengenezo ndani ya gari. Baadhi ya magari hufika kitabu kikiwa bado kwenye kidroo cha dashibodi, na wengi wanakitupa kwa sababu kimeandikwa Kijapani.

Usikitupe! Huhitaji kujua lugha. Tafuta namba za kilomita na tarehe. Miaka mara nyingi huandikwa kwa enzi za wafalme wao. Kwa enzi ya Heisei, jumlisha 1988: mwaka 26 ni 2014. Kwa enzi ya Reiwa, jumlisha 2018: mwaka 2 ni 2020. Kwenye orodha ya ukaguzi, alama ya × kwa kawaida haimaanishi kibovu, inamaanisha kimebadilishwa kipya. Kisha linganisha: kama mwaka 2014 gari lilikuwa na kilomita 90,000, na leo muuzaji anakuonyesha 70,000, mazungumzo yamekwisha. Shukuru, ondoka.

Na gari ulilonalo tayari? Daftari la shule linatosha. Kila ukitoka kwa fundi andika mambo matano: tarehe, kilomita, kilichofanyika, kipuri gani kimewekwa, na gharama. Bandika risiti pembeni. Kama historia ya nyuma haipo, usibahatishe: uliza kama injini ni ya mkanda au cheni, badilisha mkanda na mafuta ya breki, kisha iite siku hiyo mwanzo. Pale juu, kabla ya kila kitu, andika kilomita zinazosomeka leo. Huo mstari mmoja hauhitaji hata fundi.