Kamba ya Mita Mbili

Kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai mbwa wetu hutembea akiwa amefungwa kamba isiyozidi mita 2. Si sisi tuliopanga hivyo. Ni sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 2000, ile iliyowapa watu wote haki ya kutembea kwa miguu katika milima na nyanda za wazi, hata pale ambapo ardhi ni mali ya mtu binafsi. Katika miezi hiyo mitano ndege wa nyanda za juu hutaga mayai chini, katikati ya majani na vichaka vifupi. Mbwa mwenye furaha tu, asiye na nia mbaya, anaweza kuharibu kiota kabla mwenyewe hajamaliza kumwita.

Mimi na mume wangu tunaishi Sheffield na binti yetu wa miaka minne, paka mmoja mvivu, na mbwa tuliyemchukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Tulimpa jina la Kahawa kwa rangi yake. Atakayeniuliza raha ya ndoa changa katika nchi ya baridi ni nini, nitamwambia asubiri Aprili. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na sisi wanne, au watano ukihesabu paka, tunabanana kwenye chumba kimoja chenye joto kama vifaranga. Kisha siku zinaanza kurefuka. Mume wangu anatoa baiskeli stoo na kuzipaka mafuta mnyororo. Mbayuwayu wanarudi kutoka Afrika Kusini, mwendo wa maelfu ya kilomita, nami huwa nawaambia karibuni, poleni na safari. Jumapili tunapanda treni hadi Edale, kijiji kilicho chini ya mlima Kinder Scout, na tunatembea mpaka miguu ya mtoto ikatae. Baada ya hapo anabebwa mabegani mwa baba yake, na mbwa nabaki naye mimi.

Baba yangu, aliyeko Karatu, hawezi kuliona jambo hili bila kucheka. Kwetu mbwa hulala nje ya nyumba, hubweka fisi anaposogelea boma, na hula kilichobaki. Nilipomtumia picha ya Kahawa na kamba yake, alipiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mama, sasa hapo nani amemfunga mwenzake?"

Lakini nilipomweleza kwamba kamba ile ni sheria ya hifadhi, sauti yake ilibadilika. Akauliza, "Hiyo hifadhi, watu wake walipelekwa wapi?"

Nikamjibu kwamba hawakupelekwa popote. Wapo. Wana nyumba, makanisa, baa, shule na kondoo wao ndani ya hifadhi. Alinyamaza kwa muda hata nikadhani mtandao umekatika. Swali lake ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya mahali tunapopitisha Jumapili zetu.

Kinder Scout si mlima mrefu kwa mtu aliyekulia karibu na Ngorongoro. Kilele chake ni mita 636 tu. Juu ni tambarare ya udongo mweusi wa mboji, wenye maji, unaomeza buti. Zamani wanavijiji walichungia huko kwa pamoja. Katika karne ya 19 ardhi hiyo iligawanywa na kumilikishwa watu wachache, na kazi yake kubwa ikawa uwindaji wa ndege wa jamii ya kwale, ambao msimu wao hufunguliwa tarehe 12 Agosti. Kwa ajili ya siku chache za bunduki, mlima ulifungwa mwaka mzima, na walinzi wenye fimbo waliwafukuza waliothubutu kupanda.

Upande mmoja wa mlima huo iko Manchester, upande mwingine Sheffield. Mji wa kwanza ulikuwa wa viwanda vya pamba, wa pili wa chuma. Vijana waliovuta moshi siku sita kwa wiki walikuwa na siku moja ya kupumua, na nauli ya treni iliwafikisha hadi chini ya mlima. Hapo waliviona vilele kwa macho, wakasoma vibao vya kuwakataza. Wengi wao hawakuwa na kazi kabisa, kwa sababu mdororo wa uchumi ulikuwa umefika. Kwa kijana asiye na kazi, na mchumba asiye na mahali pa kumpeleka, matembezi ya milimani ndiyo starehe pekee isiyo na kiingilio. Kumnyima hiyo ni kumnyima kitu kikubwa.

Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1932, watu 400 hivi waliondoka kijiji cha Hayfield wakaanza kupanda Kinder kwa makusudi, bila ruhusa ya mtu. Kundi jingine lilipanda kutokea Edale wakakutana huko juu. Aliyewahutubia vijana kabla ya kupanda alikuwa Benny Rothman wa Manchester, mwenye umri wa miaka 20, fundi asiye na ajira. Alifika Hayfield kwa baiskeli, kwa kuwa polisi walikuwa wakimtarajia stesheni. Njiani walikutana na walinzi, pakatokea purukushani, na mlinzi mmoja akaumia. Walipoteremka, polisi waliwakamata vijana sita, Rothman akiwemo.

Kwa sheria ya wakati ule, kukanyaga ardhi ya mtu bila ruhusa halikuwa kosa la jinai. Mwenye ardhi angeweza kukudai fidia tu. Kwa hiyo vijana walishitakiwa kwa fujo na kwa kumpiga mlinzi. Kesi ilisikilizwa Derby, mbali na kwao, na waliokaa kuamua kama washitakiwe walikuwa kwa sehemu kubwa maofisa wa jeshi na wenye mashamba. Watano walifungwa, kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipata minne.

Hukumu hiyo iliwaudhi hata wasiokubaliana na vijana wale. Vyama vikubwa vya watembeaji vilikuwa vimepinga tendo lao, vikiona litaharibu mazungumzo ya miaka mingi na wenye ardhi, na mpaka leo wapo wanahistoria wanaosema Kinder ilichelewesha mambo badala ya kuyaharakisha. Sina uwezo wa kuamua ugomvi huo. Ninachokijua ni kilichofuata. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa. Mwaka 1951 eneo la Peak District, ambamo Kinder imo, likawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humo. Sheria ya mwaka 2000 ikafungua nyanda za wazi kwa wote. Rothman aliiona sheria hiyo ikipitishwa. Alifariki Januari 2002, akiwa na miaka 90. Aprili ya mwaka huohuo, katika maadhimisho ya miaka 70 huko Hayfield, Duke wa Devonshire, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa wenye mlima, alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa yaliyotendwa na ukoo wake.

Mara ya kwanza niliposoma habari ya radhi ile nilimsomea mume wangu kwa sauti, mtoto akiwa amelala. Yeye ni mtu wa Moshi, hapendi maneno mengi. Alisema, "Mwaka 1951. Angalia na Serengeti ni lini."

Serengeti pia ni 1951.

Tanganyika wakati ule ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Kwa hiyo serikali ya London ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho katika hifadhi zote mbili, mwaka mmoja. Mwanzoni Wamasai waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani ya Serengeti waliachwa wakae. Lakini katika miaka iliyofuata mabishano yalikua: wangapi, ng'ombe wangapi, kilimo kiruhusiwe au kisiruhusiwe. Wataalamu na wapenda wanyama wa Ulaya na Marekani walishinikiza. Mmoja wa wenye sauti kubwa alikuwa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, aliyewahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani pamoja na mwanawe Michael, kwa ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia. Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka. Baba yake alishikilia kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na watu, hata wakiwa wenyeji. Filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar, na picha ya Serengeti isiyo na mtu ikaingia vichwani mwa dunia nzima.

Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuondoka. Mwaka 1959 eneo liligawanywa. Serengeti ikabaki ya wanyama, na Ngorongoro ikawa eneo ambalo wafugaji wangeruhusiwa kuishi pamoja nao. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Moru, kwenye yale mawe makubwa ya katikati ya mbuga. Alihama na mifugo akiwa msichana, akaolewa upande wa Ngorongoro. Hakuwahi kutusimulia kwa hasira. Alikuwa akitaja visima tu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetaja majina ya ndugu zake.

Yapo ya kusemwa kwa upande wa pili, na lazima niyaseme. Serengeti ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 14,763, mara kumi ya Peak District. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanaozunguka humo kila mwaka hawafanani na kondoo wa Edale. Ujangili upo, watu wameongezeka, na nchi inahitaji fedha za watalii. Hata Uingereza yenyewe si mfano safi: wanyonge wa Kinder walinyang'anywa malisho yao kabla ya Rothman kuzaliwa, na nyanda zinazoonekana za asili leo zilichomwa na kukatwa miti kwa vizazi vingi. Na mwenye kutaka kutembea Jumapili hawezi kulinganishwa sawasawa na mwenye kutolewa kwenye boma lake.

Hata hivyo kuna jambo moja siwezi kulipita. Peak District ina wakazi wapatao 38,000. Walipotaka kulinda vifaranga vya ndege, hawakuwaondoa watu hao wala watembeaji. Waliweka kalenda. Kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, mbwa afungwe. Mita 2, basi.

Na sisi tulikuwa na kalenda. Bibi aliifahamu bila kusoma. Kati ya mwisho wa Januari na Machi nyumbu huzaa kwa maelfu kwenye nyasi fupi za kusini, na ndama wao hubeba ugonjwa unaoua ng'ombe. Wafugaji huwatoa ng'ombe kwenye nyasi zile nzuri kabisa, huwapandisha nyanda za juu, na kuwaachia nyumbu uwanja mpaka msimu upite. Kiangazi wana njia yake, masika wana njia yake. Waliokuja na ramani mwaka 1959 hawakuiona kalenda hiyo kuwa sheria, kwa kuwa haikuandikwa na haikuwa na kibao. Walichora mpaka mahali ambapo watu walikuwa wakitumia majira.

Hoja hii haijapoa. Tangu 2022 familia nyingi zimehama Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema kuhama ni kwa hiari, na wapo walioridhika na nyumba na mashamba waliyopewa. Wapo pia wanaosema huduma zilipunguzwa mpaka kubaki kukawa kugumu. Ndugu zangu wako pande zote mbili, na kwenye kundi letu la WhatsApp siku hizi tunasalimiana kwa uangalifu.

Mwaka huu tumeweka akiba ya nauli. Mungu akipenda, Februari tutakwenda nyumbani, mtoto amwone babu yake, kisha tutaingia Serengeti kwa lango la Naabi, kwa gari, na kulipa kiingilio kama wageni wengine. Kule kutembea kwa miguu hakuruhusiwi ovyo ovyo, kwa hiyo binti yetu aliyezoea kupanda Kinder atatazama kwa dirishani. Nimemwahidi nyumbu na ndama wao. Nimemwahidi pia Moru, kwa sababu kwenye mwamba mmoja pale zipo ngao zilizochorwa na Wamasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na mgeni anaruhusiwa kushuka kuzitazama. Nitamwonyesha ngao hizo, halafu nitamtajia vile visima kwa mpangilio ambao bibi alikuwa akivitaja.