Urithi Uliofuata Mbu, Si Kabila

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alirudi huko pamoja na msafara wa wanasayansi waliokwenda Mlima Kenya. Alipima damu ya watu wa makabila mengi. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu, ugonjwa ambao kwetu wengi huuita SS. Katika nyanda za juu hakufikia hata mmoja katika 100.

Kwa nini urithi unaoua watoto udumu kwa wingi hivyo? Allison alitambua kwamba ulienea palipokuwa na malaria, na mwaka 1954 alitangaza jibu lake. Mtu aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui, tena hulindwa dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua: chembe zake nyekundu za damu hujipinda kama mundu.

Tusidhani kwamba mbu ndiye aliyeitia jeni hiyo katika damu. Badiliko hutokea lenyewe, mazingira huchuja. Penye malaria, watoto wenye kinga hiyo walipona wengi zaidi, wakakua, wakazaa, wakarithisha. Hiyo ndiyo kanuni ya uteuzi wa asili, aliyoieleza Charles Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Ukishuka tambarare ya Ruzizi kuelekea Uvira, joto na mbu huongezeka. Lakini mji wetu umepokea watu wa milimani na wa mabondeni, nao wameoana. Basi hakuna awezaye kuisoma damu ya mwenzake kwa kutazama jina, lugha au sura yake. Wala si haki kumlaumu mama peke yake, au kumsingizia jirani uchawi, mtoto anapougua: baba na mama wamerithisha sawasawa.

Vijana wapendwa mnaoelekea ndoa, pimeni damu mapema. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Wachumba wanaojua hilo wataamua kwa uhuru, na mtoto atakayezaliwa ataweza kupimwa na kutunzwa tangu siku zake za kwanza.