Wasio na makaratasi katika kanisa la Saint-Bernard

Mtu akikosa chakula, jirani yake anaona. Akikosa makaratasi ya Serikali, nani anaona? Anapita njiani kama wengine, lakini akiona polisi anageuka. Akipunjwa mshahara hashtaki, maana kushtaki ni kujionyesha. Akiugua anaogopa hospitali. Katika miji mikubwa ya Ulaya watu wa namna hiyo ni wengi. Tusimulie habari za wale waliochoka kujificha mjini Paris, mwaka 1996.

Kwanza tuulize: walitoka wapi? Wengi walitoka Mali na Senegal. Watu wa huko waliitwa na kazi. Baada ya vita ya 1939–1945 Ufaransa ilihitaji mikono ya kuunda magari, ya kujenga nyumba, ya kufagia njia. Hata nchi hizo zilipopata uhuru, mwaka 1960, safari ilikuwa bado nyepesi. Lakini mwaka 1974 Serikali ya Ufaransa ilisimamisha kuingia kwa wafanyakazi wageni, na mwaka 1993 sheria zikakazwa tena. Ndipo wengine walioingia kwa ruhusa wakanyimwa ruhusa mpya. Kumbe mtu hakuhama hata hatua moja; sheria ndiyo iliyohama.

Siku ya 18 Machi 1996, Waafrika wapata 300, wanaume, wanawake na watoto, waliingia katika kanisa la Saint-Ambroise. Baada ya siku nne polisi waliwatoa. Wakahangaika huku na huku, mpaka tarehe 28 Juni wakaingia katika kanisa la Saint-Bernard, mtaa wa Goutte d'Or, wanamokaa Waafrika wengi. Padri Henri Coindé, paroko wa hapo, hakuwafukuza. Mmoja wa wasemaji wao alikuwa mwanamke wa Senegal, Madjiguène Cissé. Hawakuomba sadaka. Waliomba makaratasi, wapate kufanya kazi mchana kweupe. Wanaume 10 wakakataa chakula kwa muda wa siku 50 hivi.

Asubuhi ya 23 Agosti walikuja polisi wapata 1,000, wakavunja mlango wa kanisa kwa shoka. Wafaransa waliona hayo katika televisheni, na wengi walichukizwa. Katika waliokamatwa, wachache walirudishwa Afrika kwa ndege, wengi waliachwa.

Je, walishindwa? Mwaka 1997 Serikali mpya ya Lionel Jospin iliagiza maombi ya watu kama hao yatazamwe upya, na watu wapata 80,000 katika nchi nzima walipewa makaratasi. Lakini maelfu wengine walikataliwa, na shida hiyo haijaisha hata leo.

Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake, hilo hatubishi. Lakini tazameni: walipojificha, walidhulumiwa mmoja mmoja, bila shahidi. Walipojitokeza pamoja, nchi nzima ikawa shahidi.

Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hawa jembe walipewa zamani, nao walilima. Basi, anayelima nasi shamba moja miaka kumi, tutamwita mgeni mpaka lini?