Watengeneza Ngozi Waliozuia Oili

Volkswagen iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954, ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ilikuwa na mahali kwenye injini pasipokuwa na sili. Upande wa puli, krenki inapotokeza nje kuzungusha mkanda wa feni, palikuwa na kisahani cha kurusha oili pembeni na mfereji uliochongwa kwenye shingo ya puli kama hesi za bolti. Krenki ikizunguka, mfereji ule uliirudisha oili ndani. Ikisimama, mfereji nao ulisimama, na kilichobaki kuizuia oili ni mteremko tu.

Waingereza walifanya vivyo hivyo, tena upande wa nyuma, palipo pagumu zaidi. Injini ndogo iliyoanza na Austin A30 mwaka 1951 na kuingia katika Morris Minor iliachia kazi hiyo mfereji wa aina ileile. Magari hayo yakajulikana kwa doa jeusi yanapoegeshwa. Wenye magari walilizoea doa hilo, ingawa lilikuwa ushahidi wa tatizo ambalo wahandisi wa magari hawakuwa wamelimaliza.

Tatizo lenyewe ni gumu kuliko linavyoonekana. Sampu na mfuniko wa valvu huzibwa na gasketi, kwa kuwa havisogei. Krenki lazima izunguke, na lazima itokeze nje ya injini ili ishike flaiwili. Krenki yenye shingo ya milimita 80 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, uso wake unapita kasi ya mita 12 na zaidi kila sekunde. Sili ikiubana sana, inaungua. Ikilegea, oili inatoka.

Wamarekani wengi walichagua kamba. Ilisukwa kwa asbesto, ikapakwa grafiti, kisha fundi akaishindilia katika mfereji wa beringi ya nyuma na kukata ncha zake kwa wembe. Kamba hizo zilidumu miongo mingi katika injini kubwa za V8, na kila ncha iliyokatwa iliacha vumbi ambalo leo linajulikana kuleta saratani ya mapafu.

Suluhisho lililoshinda halikutoka kwa waunda magari. Lilitoka kwa watengeneza ngozi, na jambo hilo linastahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa. Ngozi ilikuwa imeshafanya kazi ya kuziba kwa muda mrefu: katika shinikizo la maji ambalo Joseph Bramah alipata hataza yake mwaka 1795, kikombe cha ngozi ndicho kilichozuia maji yasipite kando ya pistoni. Ngozi ni laini, hufuata umbo la chuma, na ikilowekwa katika mafuta huyanywa na kuyatunza. Waliojua tabia hizo walikuwa watu wa viwanda vya ngozi.

Chicago Rawhide ilianza mwaka 1878 kwa kutengeneza mikanda ya ngozi ya kuendeshea mashine. Ikaja kuwa mojawapo ya majina makubwa ya sili za magari Marekani. Huko Newcastle, Uingereza, George Angus, nyumba ya biashara ya ngozi yenye asili ya karne ya 18, ilipita njia hiyohiyo. Ujerumani, katika mji wa Weinheim, familia ya Freudenberg ilikuwa na kiwanda cha ngozi tangu mwaka 1849. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka 1929 na soko la ngozi likaanguka, kiwanda kililazimika kutafuta kazi nyingine kwa malighafi yake. Ndipo kikageukia sili. Pete yake, yenye ganda la chuma, mdomo wa ngozi na springi nyembamba ya kuubana mdomo huo, iliitwa Simmerring kwa jina la mhandisi Walther Simmer. Mwaka 1936 mdomo wa mpira wa viwandani ukaanza kuchukua nafasi ya ngozi.

Kuanzia hapo umbo halikubadilika sana. Kilichobadilika ni malighafi ya mdomo. Mpira wa nitrili huvumilia joto la nyuzi 100 hivi, kisha hukauka na kupasuka. Viton, iliyoletwa na DuPont mwaka 1957, hufika 200. Mwaka huohuo E. T. Jagger, mtafiti wa George Angus, alichapisha matokeo yaliyoeleza kwa nini sili nzuri haiungui: mdomo wake hupanda juu ya utando mwembamba mno wa oili. Sili inayofanya kazi imelowa. Sili kavu inakufa.

Mwaka 1960 Freudenberg ilishirikiana na NOK ya Japani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1939. Kwa njia hiyo elimu ya Weinheim iliingia katika magari ya Kijapani, na herufi hizo tatu zinafahamika katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, na Gerezani, Dar es Salaam.

Fundi anayeijua kazi hutambua sili ya nyuma kwa oili inayodondoka pale injini inapokutana na giaboksi, au kwa klachi inayoteleza baada ya kulowa. Kipande chenyewe ni cha bei ndogo. Gharama ni kushusha giaboksi. Kwa sababu hiyo kubahatisha ni hasara. Usoni pa sili huandikwa vipimo vya ndani, nje na unene, lakini kulingana vipimo hakutoshi: nyingi zina mistari midogo chini ya mdomo inayorudisha oili ndani, na mshale wa mwelekeo wa mzunguko. Ukiweka ya mwelekeo wa kinyume, mistari hiyo inaitoa oili nje.

Hata sili sahihi inaweza kuvuja. Briza, yaani tundu la kupumulia la injini, ikiziba, hewa inayopenya kando ya pistoni hukosa pa kutokea na kuisukuma oili hata kwenye sili mpya. Krenki nayo huchimbika mahali mdomo ulipokaa miaka mingi. Hapo mafundi huiingiza sili mbele au nyuma kidogo ili mdomo ukute chuma kizima, au huivika krenki bomba jembamba la chuma kisichopata kutu, lenye unene wa takribani milimita 0.28.

Injini za karibuni zimeleta mdomo wa plastiki ya PTFE, ambao watengenezaji wengi huagiza ufungwe ukiwa mkavu, juu ya krenki iliyofutwa, ili tabaka lake jembamba lihamie kwenye chuma katika mizunguko ya kwanza. Tangu enzi za ngozi mafundi wamefundishwa kupaka oili kwenye mdomo kabla ya kufunga. Kwa sili hizi, oili hiyo ndiyo huzifanya zivuje.