Sindano Inayokula Sauti

Ukifika Mbozi Mission utasimuliwa habari za misheni yenyewe, ambayo Wamoravian wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1899 chini ya Traugott Bachmann. Utasimuliwa pia habari za kimondo, lile bonge la chuma la tani 16 hivi lililodondoka kutoka angani. Habari za sindano ya santuri hakuna atakayekusimulia. Nami naona sindano ina historia yake, tena ya ugomvi, maana wapo wenzetu wanaoapa kwamba santuri ya kizamani ilikuwa na sauti tamu kuliko mitambo yote ya siku hizi. Eti za leo ni kelele tupu! Hebu tuitazame hoja hiyo bila ushabiki.

Santuri za kwanza hazikuhitaji umeme wala betri. Unakaza springi kwa mkono, sahani inazunguka mara 78 kwa dakika, sindano ya chuma inatikisika ndani ya mfereji, mtikisiko unafika kwenye kiwambo chembamba, na sauti inatoka kwenye pembe. Basi. Kwa kijana aliyerudi kutoka migodi ya Copperbelt, au karibu zaidi, machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya miaka ya 1930, mashine hiyo ilikwenda sambamba na baiskeli na cherehani. Kijiji kizima kingejua kwamba huyu karudi na kitu.

Lakini jiulize, nguvu ya kujaza sauti chumba kizima ilitoka wapi? Ilitoka kwenye sindano yenyewe. Kichwa kile kilikandamiza sahani kwa uzito uliozidi gramu 100. Sahani nazo zilitengenezwa kwa shelaki, ute wa wadudu fulani wa Asia, ukachanganywa na unga wa mawe makusudi, ili sindano isagike haraka na kushika umbo la mfereji. Ndiyo maana sindano ziliuzwa kwenye vikopo, nyingi kwa pamoja, na sharti lilikuwa moja: sindano moja, upande mmoja wa sahani, kisha tupa. Sasa bwana, huku kwetu nani angetupa chuma kizima baada ya wimbo mmoja? Sindano ilirudiwa mpaka ikawa patasi. Uingereza wapo waliotumia miiba badala ya chuma ili kuzihurumia sahani, na miiba hapa imejaa tele.

Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake kwenye sahani za aina hiyo. Mwaka 1933 zikaanza kutoka sahani za GV zenye muziki wa Kikyuba, ambazo wanamuziki wa Kongo na wa kwetu walizisikiliza mpaka zikawaingia damuni. Yote hayo yalipita chini ya chuma kile kizito.

Halafu ikaja LP mwaka 1948, na zile ndogo za 45 mwaka 1949. Mifereji ikawa myembamba, na ncha ya sindano ikapungua unene karibu mara tatu. Pleya za umeme na za betri zilikuwa na katriji ya kioo cha chumvi, ile iitwayo chumvi ya Rochelle, ambayo ikibonyezwa inatoa umeme. Chumvi hiyo iliogopa joto na unyevu. Iache pleya juani dirishani siku moja tu, umeiua. Baadaye ikaja ya kauri, ngumu zaidi. Uzito ulishuka mpaka gramu tano hadi kumi, na umeme wake, kama nusu volti hivi, ulitosha kuingia moja kwa moja kwenye redio. Nyingi zilikuwa na sindano mbili za kugeuza, upande huu ya 78, upande ule ya LP. Watu walisahau kugeuza! Na sahani ikirukaruka, mtu anaweka sarafu ya shilingi juu ya kichwa. Imetulia, ndiyo, lakini inachimba.

Kwa maoni yangu utamu wanaoukumbuka wazee ni wa kauri hii. Sauti yake ni nene katikati, gitaa la besi linakufuata mpaka nje ya baa, na vile vitu vyembamba vya juu havisikiki sana, pamoja na mikwaruzo.

Katriji za sumaku ni jambo jingine. Denon ilitoa DL-103 mwaka 1962 kwa ajili ya redio ya Japani, NHK. Shure ya Marekani ikatoa V15 mwaka 1964, na kampuni hiyo iliendelea kutengeneza katriji mpaka 2018. Ncha ni ya almasi, na nyingi za sumaku hukandamiza kwa gramu mbili tu au chini. Ila umeme wake ni milivolti chache mno. Lazima upite kwenye amplifaya maalumu inayorudisha besi iliyopunguzwa wakati wa kurekodi, kwa kipimo kilichokubaliwa mwaka 1954. Kijana ananunua pleya ya mtumba Tunduma, anaichomeka kwenye redio ya nyumbani, anasikia mbu badala ya bendi, kisha anatangaza mtaani kwamba za kisasa hazina sauti. Hapo sindano imeonewa.

Kuna jambo moja ambalo sindano ya kizamani haiwezi kabisa. Mafundi wanaonakili sahani za 78 huwa na ncha za vipimo mbalimbali. Wakikuta mfereji umeliwa chini, huweka ncha pana zaidi, ikae juu kidogo kwenye ukuta ambao chuma hakikuugusa. Sauti iliyodhaniwa imekufa inatoka hapo.

Jirani yetu hapa misheni, bibi wa miaka mingi, ana sahani za marehemu mumewe zilizogeuka kijivu kwa kusagwa. Kila Krismasi huzipiga.

"Bibi, tuzipeleke zikanakiliwe kwanza, ndipo uendelee kupiga," nilimwambia.

"Mjukuu wangu, sindano hii aliiweka babu yako mwenyewe. Ukiitoa, atakayeimba ni mtu mwingine."

Krismasi ijayo atazipiga tena.